Maswali Yenu: Kuishi Wazi na VVU na Haki ya Kusikilizwa

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja, nami nimeona ni vyema safu nzima ilizungumzie: kuishi na virusi vya UKIMWI (VVU) bila kujificha, na kudai kushirikishwa pale mambo yetu yanapoamuliwa. Mimi mwenyewe ninaishi na VVU na jirani zangu wanalijua hilo, kwa hiyo sijibu kama mtu wa pembeni. Majina ya waandishi tumeyaondoa, pamoja na kila kitu ambacho kingeweza kuwatambulisha.

*Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili katika mkoa wa Njombe, na ninatumia dawa tangu nilipopimwa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Viongozi wa konga yetu, yaani mtandao wa wilaya wa watu wanaoishi na VVU, wameniomba nitoe ushuhuda mbele ya mgeni rasmi Siku ya UKIMWI Duniani, kwa kuwa nina afya njema na mtoto huyo alizaliwa salama. Ninatamani kusema, lakini binti yangu mkubwa, ambaye yuko kidato cha pili, hajui lolote. Mume wangu anajua. Nifanyeje?*
Mama wawili, Njombe

Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue kwamba una ruhusa kamili ya kukataa. Kujiweka wazi ni haki yako, na hakuna anayekudai ushuhuda kwa sababu ulipewa dawa bure au kwa sababu konga ilikushika mkono ulipokuwa dhaifu. Ukikubali, iwe ni kwa sababu una jambo unalotaka watu walisikie.

Lakini la binti yako halingoji Desemba. Siku hizi maneno ya jukwaani hayaishii uwanjani. Kabla hujashuka, simu kadhaa zitakuwa zimekwisha kurekodi, na jioni ileile mwanafunzi mwenzake anaweza kumwonesha video yako bwenini. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto anayesikia habari ya mama yake kwa watu wa nje huumia mara mbili, kwa habari yenyewe na kwa kuona kwamba hakuaminiwa. Kwa hiyo mwambie wewe mwenyewe, mapema, wakati wa likizo ambapo atakuwa na siku kadhaa nyumbani za kurudi kwako na maswali. Tumia maneno machache: kwamba una virusi vya UKIMWI, kwamba unameza dawa kila siku, kwamba dawa hizo zinakuweka na afya hii anayoiona. Watoto wengi huuliza kama mama atakufa, kisha huuliza, "Na mimi je?"

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Unasema ulijua hali yako katika mimba ya mtoto wa pili, maana yake binti huyu alizaliwa na kunyonya kabla hujajua. Hukuandika kama yeye aliwahi kupimwa. Kama bado, apimwe kabla ya jambo lingine lolote, hata kama hajawahi kuugua, kwa kuwa wapo watoto waliozaliwa na VVU wakafika ujanani bila dalili za kuwashtua wazazi. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, kijana wa Tanzania mwenye miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe. Akiwa chini ya umri huo, mzazi ndiye anayeridhia. Nenda naye katika kliniki unayochukulia dawa na uombe mshauri aliyezoea kuzungumza na vijana.

Hayo yakishakaa sawa, turudi jukwaani. Philly Bongoley Lutaaya alikuwa mwanamuziki maarufu wa Uganda aliyerejea nyumbani kutoka Sweden, na alipotangaza mwaka 1989 kwamba anaishi na VVU, wengi hawakumwamini. Walisema anatafuta soko la nyimbo zake. Alizunguka shuleni na makanisani akizungumza huku afya ikimwacha, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Miaka tisa baadaye, Desemba 1998, Gugu Dlamini wa KwaMashu, karibu na Durban nchini Afrika Kusini, alijitangaza wakati wa Siku ya UKIMWI Duniani, na mwezi huohuo watu wa mtaa wake wakampiga hadi akafa. Tunapohamasishana huwa tunamtaja wa kwanza tu. Mimi ninataka umjue na wa pili, ili ujiulize ni nani atakayekuwa mlangoni kwako siku ya pili yake, wakati mahema yameshafunguliwa na mgeni rasmi ameondoka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoa jibu, kaa na viongozi wa konga uwaulize mambo ya wazi. Nani atapiga picha, na zitatumika wapi na kwa muda gani? Je, unaweza kukataza sura yako isioneshwe na bado ukasema? Nani atakuja kukuona baada ya wiki moja? Na je, utapewa nafasi ya kusema kile kinachohitajika wilayani kwenu, au unatakiwa tu kusimulia ulivyougua na ulivyopona? Nimehudhuria maadhimisho mengi ambayo ushuhuda hupewa dakika tano kati ya ngonjera na hotuba. Mama analia, watu wanapiga makofi, kisha risala inayofuata haimtaji kabisa. Sisi si burudani ya huzuni. Dakika tano zinatosha kabisa kumwambia mgeni rasmi kwamba kinamama wa kijiji fulani hutembea mwendo wa saa mbili kufuata dawa.

Kuna swali utakaloulizwa na huna wajibu wa kulijibu: "Uliambukizwaje?" Linaonekana la kawaida, hata waandishi wa habari huanza nalo, lakini kazi yake ni kutugawa. Aliyezaliwa na virusi au aliyeambukizwa na mumewe ataonewa huruma, na aliyewahi kuuza baa au kuwa na wapenzi kadhaa ataambiwa alijitakia. Wote hao wanameza dawa ileile na wanastahili heshima ileile. Mimi huwa ninajibu kwamba nimekuja kueleza ninavyoishi, nao huendelea na swali lingine.

*Salaam mama mshauri. Nina umri wa miaka 61, na mwaka jana niliteuliwa kuwa mwakilishi wa WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) katika kamati ya kudhibiti UKIMWI ya kata yetu. Ninaitwa kikaoni, ninasaini karatasi ya mahudhurio, ninapewa posho, ninaondoka. Nikinyoosha mkono ninaambiwa muda umekwisha. Je, ninatumika tu? Naomba mwongozo.*
Mzee wa kata, Shinyanga

Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, kwa jinsi ulivyoeleza unatumika, na nina uchungu kukuandikia hivyo, kwa sababu nafasi uliyokalia wenzetu waliipigania. Mwaka 1983, katika mji wa Denver nchini Marekani, kundi dogo la watu waliokuwa wakiugua lilikataa kuitwa wahanga na kudai kushirikishwa katika kila ngazi ya maamuzi. Tarehe 1 Desemba 1994, mjini Paris, wawakilishi wa nchi 42 walitia saini azimio la kuwashirikisha kwa ukamilifu zaidi watu wanaoishi na VVU. Azimio hilo halikusema tuje kusaini mahudhurio.

Mtu mmoja asiye na karatasi mkononi ni rahisi kunyamazishwa. Andika barua kwa mtendaji wa kata, siku kadhaa kabla ya kikao, ukiomba jambo lako liwe ajenda na lipewe namba. Ajenda yenye namba lazima iingie kwenye muhtasari, hata kama itajadiliwa kwa dakika mbili, na kikao kinachofuata huanza kwa kuusoma muhtasari huo. Omba pia kuona taarifa ya robo mwaka: kiasi gani kilitengwa kwa shughuli za UKIMWI katika kata, kiasi gani kilitoka, na kilifanya nini. Una haki ya kuuliza hivyo ukiwa mjumbe kamili.

Usiende peke yako kimawazo. Kabla ya kikao, kutana na wenzako siku ya kliniki, pale kwenye mabenchi, uwaulize wanakwama wapi. Ukisema "tunateseka", watakuonea huruma na kuendelea na mengine. Ukisema kwamba mwezi uliopita watu walioahidiwa dawa za miezi mitatu walipewa za mwezi mmoja, na kwamba baadhi yao ni vibarua ambao kila safari ya kliniki ni siku moja isiyo na mshahara, mganga mfawidhi atalazimika kujibu.

Na muda wenyewe ni huu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na mfuko wa PEPFAR, ambao tangu mwaka 2003 umebeba sehemu kubwa ya gharama za tiba ya VVU katika nchi zetu, ukayumba. Dawa zilipata upenyo wa kuendelea, lakini wahudumu wengi wa ngazi ya jamii, wale waliokuwa wakimfuata nyumbani mgonjwa aliyepotea, waliachishwa kazi. Pengo hilo halina budi kuzibwa kwa fedha zetu wenyewe, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, kumaanisha kwamba mipango ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Anayefika Juni na ombi lake hukuta meza imeshafutwa. Mkumbuke diwani wako pia: yeye ndiye anayeingia kwenye baraza la madiwani, na yeye anahitaji kura.

Jambo jingine, mzee wangu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. WAVIU hawakutajwa kama kundi, lakini kinamama wa konga yenu ni wanawake kama wengine, na wakiunda kikundi na kukisajili wanastahili kuomba. Muulize Afisa Maendeleo ya Jamii ni vikundi vingapi vya namna hiyo vimewahi kupata, na jibu lake uombe liandikwe kwenye muhtasari.

*Mama, hujambo. Mimi ni mpishi katika hoteli moja mjini Mombasa. Mwenzangu alikuta dawa zangu kwenye kabati la kubadilishia nguo akazipeleka kwa meneja. Siku ya tatu nilitolewa jikoni nikapelekwa kufua mashuka, mshahara ukapunguzwa, nikaambiwa ni "kwa usalama wa wageni". Kikombe changu cha chai kimewekwa alama ya rangi ya kucha. Je, sheria inawaruhusu?*
Mpishi, Mombasa

Sijambo mwanangu, na pole sana. Haiwaruhusu. VVU haviambukizwi kwa chakula, kwa kikombe wala kwa jasho, na cheti cha afya cha watu wanaoshika chakula kinahusu magonjwa yanayoenezwa kwa chakula, kama homa ya matumbo. Ukijikata jikoni, utaosha kidonda, utafunga plasta na kumwaga kilichochafuka, jambo ambalo kila mpishi hufanya.

Kenya ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006, inayokataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya hali yake. Inataja pia shule, usafiri, makazi, mikopo na bima, huduma za afya, na hata mazishi, na waliofika hadi kuandika mazishi walijua tunayoyapitia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inaitaja hali ya VVU miongoni mwa mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyatumia kumbagua mfanyakazi. Zaidi ya hayo, sheria ile ya 2006 iliunda Baraza la kusikiliza mashauri ya VVU na UKIMWI, chombo chenye uwezo wa kuamuru fidia, na kuna Wakenya waliokwisha kwenda huko wakashinda.

Kwa hiyo usijiuzulu kwa hasira, maana ukiondoka mwenyewe unampunguzia mwajiri kazi. Mwandikie meneja barua ya adabu ukiomba sababu za kuhamishwa kwa maandishi, na utunze nakala. Andika daftarini tarehe, maneno waliyokuambia na nani alikuwepo. Kikombe kile kipige picha. Tunza hati za mshahara za kabla na baada, kisha umwone wakili au shirika linalotoa msaada wa kisheria bila malipo. Wasomaji wetu wa Tanzania nao wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi huohuo, na kwamba mtu aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hukosa haki zao kwa kuzipitisha siku hizo nyumbani wakilia.

Kama utalisema jambo hili hadharani au utalipeleka kimyakimya, amua mwenyewe. Kudai haki hakukulazimishi kwenda kwenye televisheni.

*Shikamoo mama. Nilizaliwa na VVU, nina miaka 24 na ninasoma chuo Dodoma. Chupa yangu ya dawa ninaijaza pamba ili isilie kwenye begi. Nina mchumba, tunataka kufunga ndoa kanisani, na wanataka cheti cha kupima. Kliniki wameniambia virusi vyangu havigunduliki na siwezi kumwambukiza. Je, ni kweli kabisa, au wananitia moyo? Na nimwambie lini?*
Kijana, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Utafiti mkubwa uliohusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ambapo mmoja ana VVU na mwenzake hana, ulionesha mwaka 2011 kwamba tiba inazuia maambukizi kwa kiwango ambacho wengi hawakukitarajia, na ulipokamilika haukukuta mtu hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa sawasawa. Utafiti mwingine wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia jozi 888 za wenza waliokutana kimwili bila kondomu takriban mara 58,000 kwa jumla, na hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba mtu ambaye virusi vyake havigunduliki kwa kipimo, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana.

Yashike masharti yake: dawa kila siku, na kipimo cha kiwango cha virusi kwa ratiba ya kliniki. Ukiacha dawa, virusi vinarudi. Na ujue kwamba dawa hizi hazizuii mimba wala kaswende.

Mwambie mchumba wako sasa, kabla ya cheti na kabla ya mchungaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mtu anayejua hali yake amjulishe mwenza wake, lakini hata kama isingesema hivyo, ningekuambia vilevile, kwa kuwa unamwomba mtu aishi nawe maisha yake yote. Mpeleke kliniki amsikie daktari kwa masikio yake, aulize lolote akiwa peke yake, na umpe muda. Anaweza kuondoka, na utaumia. Wengi hubaki. Sheria hiyohiyo inasema kupima ni kwa hiari na majibu ni siri, hivyo majibu yenu ni yenu ninyi wawili. Kanisa linaweza kushauri mpime, lakini mchungaji hana haki ya kuyasoma madhabahuni wala kuyazungumza na kamati ya harusi.

Pamba hiyo ninaifahamu. Sikuambii uitoe kesho. Siku ukiwa na mtu mmoja chumbani unayemwamini, utaamua mwenyewe.

*Mama mshauri, mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha kinamama huku Temeke. Mwenzetu mmoja alijiweka wazi mwaka huu, na tangu hapo akiomba mkopo baadhi ya wanachama wanakataa, wanasema atakufa na deni letu. Hisa zake ni nyingi kuliko za wengi wetu. Nifanye nini?*
Mwenyekiti, Temeke

Mwenyekiti mwenzangu, aliyeanza dawa mapema na kuzishika anaweza kuishi miaka inayokaribiana na ya mtu asiye na VVU, na huenda akawazika wanaomhesabia siku. Huko kikobani mkopo hutolewa kwa hisa, wadhamini na rekodi ya marejesho, na katiba yenu, ninaamini, haina kifungu kinachouliza damu ya mtu. Hao wanaokataa waambie wataje kifungu. Wakikosa, ombi lake lipite kama maombi ya wengine, na mkutano mkuu uongeze kwenye katiba kwamba afya ya mwanachama haitakuwa sababu ya kumnyima mkopo. Kifungu hicho kitamlinda pia mwenye kisukari, mwenye kansa na mama mjamzito.

Usiwaite wanachama pembeni kuwasihi akiwa hayupo, hata kama nia yako ni kumsitiri. Liweke ombi lake liwe la kwanza kwenye kikao kijacho, yeye akiwa amekaa palepale na kitabu chake cha hisa kikiwa wazi, na apewe nafasi ya kulieleza mwenyewe.